Kanda za harusi zisitupwe kabla ya kujulikana mfumo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji waliotumiwa kanda za video na jamaa zao wa ng'ambo miaka iliyopita wasizitupe kwa kuambiwa tu kwamba zimeharibika.

Hivi karibuni mama mmoja, jirani yangu hapa Unguja, aliniletea mkanda wa harusi ya mwanawe iliyofanyika Chicago, ambao fundi alikwisha kumwambia kuwa umekufa, kwa kuwa kwenye deki yake picha ilikuwa ikipanda na kuporomoka, tena bila rangi yoyote. Niliutia katika deki yangu inayocheza mifumo yote, na bibi harusi akaonekana barabara, hata hina ya viganjani. Mama yule alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba niurudishe mwanzo.

Mkanda haukuwa na kasoro; tatizo ni mfarakano wa zamani wa nchi juu ya mifumo ya televisheni ya rangi, maana mkanda wa mfumo mmoja hauchezi sawasawa kwenye deki ya mfumo mwingine. Marekani iliidhinisha mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 ya picha, mwezi Desemba 1953, baada ya ule wa shirika la utangazaji la CBS, uliotegemea gurudumu la rangi linalozunguka, kufa mwaka 1951 kwa sababu seti zilizokwisha kuwamo majumbani hazikuweza kuupokea. Hata hivyo rangi za NTSC zilihama njiani, nyuso za watu zikaingia ukijani, na mtazamaji akalazimika kuinuka kuzungusha kitufe. Huko Hannover, Ujerumani, Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken alipata dawa yake kwa kuigeuza ishara ya rangi katika kila mstari wa pili, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na la mwenziwe, na hiyo ndiyo PAL, ya mistari 625. Kwangu mimi ni kazi ya akili nyingi mno. Wafaransa walishikilia mfumo wao wa SECAM, na mkutano wa Oslo wa mwaka 1966 ukashindwa kuwapatanisha. Zanzibar ilipoanza kurusha televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifuata PAL.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu wamuulize mteja mkanda ulirekodiwa nchi gani kabla ya kuuhukumu. Taasisi zetu za kumbukumbu nazo ziweke walau deki moja nzima ya kila mfumo, maana deki za kanda hizi za VHS zilikoma kutengenezwa mwaka 2016, na zilizobaki mitaani zinauzwa kama vyuma chakavu.

Fundi runinga mstaafu,
Unguja