Panya wako wamekwama wapi

Iringa, Julai

Kamwene rafiki yangu,

Umeniandikia kwamba panya wako wadogo wa maabara, unaowafundisha kuchagua picha moja kati ya mbili kwenye skrini ya kugusa ili walipwe tone la maziwa, wanagusa picha sahihi nusu tu ya mara, na unataka kuleta wengine. Ngoja kwanza. Nusu ni kubahatisha, na mara nyingi chanzo chake ni upande: panya anagusa kushoto tu, picha yoyote iwepo. Fungua kumbukumbu za kompyuta, hesabu miguso ya kushoto na kulia kwa kila panya. Akiegemea upande mmoja, hakikisha majaribio ya marekebisho yamewashwa, yaani akikosea, picha zilezile zirudi palepale mpaka apatie, na marudio hayo usiyaingize kwenye asilimia.

Kisha angalia maziwa. Tone la mikrolita 7 ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, hivyo mrija ukiziba kidogo hutaona kwa jicho. Endesha pampu mara 100 ukikinga kwenye sirinji. Isome mililita 0.7. Ikipungua, maziwa yameganda mrijani. Suuza kwa maji ya uvuguvugu kila jioni, usingoje asubuhi. Panya asiyelipwa kwa kazi sahihi anaacha kufanya kazi, na ana haki.

Skrini yenyewe haihitaji kubonyezwa. Miale ya infraredi hupita mbele ya kioo, kinachoikata kinahesabiwa mguso. Unyasi wa matandiko ukinasa pembeni, au mkia ukipita, kompyuta inaandika jibu ambalo panya hakulitoa. Futa kioo baada ya kila panya.

Baridi ya huko Uyole mwezi huu nayo inakula uzito. Unawaweka kwenye asilimia 85 hadi 90 ya uzito wa kushiba, sawa, lakini chumba kikiwa chini ya nyuzi 20 mgawo uleule wa chakula hautoshi. Pima kila siku saa ileile, umwongeze anayeshuka.

Na kama ulipitisha panya hatua ya mwisho ya maandalizi kabla hajapata majibu sahihi 23 kati ya majaribio 30 ndani ya dakika 60, siku mbili mfululizo, mrudishe hapo. Hajajua bado kwamba kugusa dirisha la skrini lisilo na picha kunamletea adhabu: taa na kusubiri sekunde 5. Ukimpa picha mbili sasa unamchanganya bure.

Nitumie hesabu za kushoto na kulia ukizipata.

Wako,
rafiki wa Iringa