Mpwa wangu, gari la Entebbe la nini?

Mpwa wangu wa Nakuru,

Nasikia unataka kupanda Elgon upande wetu wa Uganda, na kuna mtu amekupangia ndege hadi Entebbe na gari la kukodi toka huko. Mlima uko mpakani! Utaupita, kisha urudi nyuma siku nzima barabarani ukikwama kwenye foleni ya Jinja, na gari ulilipie wewe.

Panda basi hadi Malaba, mpakani. Kitambulisho chako cha taifa kinatosha kuvuka. Chukua matatu ya Tororo, halafu ya Mbale. Wengi watakuambia ulale Mbale kwa kuwa hoteli ni nzuri. Mimi nakuambia songa mbele hadi Budadiri jioni hiyohiyo. Matatu ya Budadiri haina saa: huondoka ikijaa, na hata ikijaa kondakta bado ana nafasi ya gunia la kahawa na mama mwenye kuku. Ukianzia safari Mbale asubuhi, utaanza kupanda jua likiwa utosini, na mchana ndiyo saa ya mvua mlimani. Budadiri kuna ofisi ya hifadhi, ndiko utakakolipia na kupata askari na wapagazi.

Toka hapo hadi Bumasola, miguu inakoanzia kazi, ni bodaboda. Mkubaliane bei kabla hujapanda, tena useme wazi ni hadi Bumasola. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu hujaa kwenye matairi, dereva atakuomba ushuke umsaidie kusukuma, na akifika nusu njia atadai mmefika.

Kupanda kwenyewe hakuna ufundi wa kamba. Kuna ngazi kwenye miamba ya Mudangi, halafu mianzi, ile ambayo machipukizi yake Wagisu huyakausha kwa moshi wakayapika na karanga: malewa. Usiondoke bila kuyala. Kambi ya Sasa iko mita 2,900, ya Mude 3,500, na kilele chenyewe, Wagagai, 4,321. (Koitobos, kilele chenu cha upande wa Kenya, ni 4,222, sitasema zaidi.) Kule Mude usiku ni baridi ya kuumiza meno. Kichwa kikikugonga na ukaanza kutapika, shuka, hata kama kilele unakiona.

Njoo kati ya Desemba na Februari, au Juni hadi Agosti. Ila Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili ndiyo afadhali kwa mwenye haraka, kwani ya mwaka shufwa ni ya imbalu: vijana wanaotahiriwa hucheza barabarani na umati nyuma yao, na gari husimama hadi wapite.

Kurudi, usishukie ulikopandia. Mwambie askari mapema mteremkie Sipi. Huko kuna lami, na matatu za Kapchorwa kwenda Mbale hupita mara kwa mara. Wa bodaboda nitakutafutia mimi. Nitumie tarehe, na namba ya kiatu chako, nikuazimie gambuti.

Mjomba wako, Mbale