Miaka 12 haikupi jengo la serikali

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hii stori kwamba ukikaa miaka 12 kwenye nyumba au kiwanja bila kusumbuliwa basi ni chako imezagaa sana na watu wanaumia, maana hawaambiwi kwamba mali ya serikali ina hesabu yake. Kenya kwa mfano, kwenye ile sheria ya ukomo wa muda Sura ya 22 (inayosema mwisho wa kudai mali mahakamani ni lini), kifungu cha 7 ndicho chenye hiyo miaka 12, halafu ukishuka mpaka kifungu cha 41 unakuta ardhi ya serikali imeondolewa kwenye kanuni hiyo, ukae 12 ukae 40 ni kazi bure. Uingereza walau njia ipo ila ndefu, sheria yao ya 1980 inataka miaka 30 kwa ardhi ya Taji (yaani ya mfalme na serikali yake) ambayo haijasajiliwa, na 60 kwa ufukwe wake, India nao ni 30.

Kinachoniuma zaidi ni hawa wanaouziwa. Mtu anakuta gofu la ofisi ya zamani, bati zimeng'oka, nyasi mpaka dirishani, anatokea jamaa anasema mimi ndo nimelilinda miaka yote hii nipe hela kidogo nikuandikie, wanaandikishiana karatasi na mashahidi wawili, mnunuzi anaezeka, anapaka rangi, anavuta maji kwa jina lake na zile risiti anazitunza kama hati. Jamani risiti ya maji inaonyesha umelipa maji basi! Na aliyekuuzia hakuwa na cha kuuza, sasa umenunua nini? Siku wenyewe wakikumbuka mali yao (na hukumbuka, hasa bei ya viwanja ikipanda) unabomolewa halafu fidia unaanza kuisotea mahakamani.

Jengo kuchakaa peke yake hakulitoi mikononi mwa serikali, mpaka wahusika waamue kwa maandishi liuzwe au lipangishwe. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari nenda kwa msajili wa ardhi ufanye upekuzi ujue limeandikwa jina la nani, kisha iandikie taasisi yenyewe uombe kupangishwa au uulize kama kuna mnada, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Inachosha ndio, na serikali nazo zina kosa kubwa hapa, unaachaje nyumba nzima ioze wakati watu hawana pa kulala?

Gazeti lenu linasomwa na wengi, mkiandika tena habari za miaka 12 naomba hili la mali ya serikali mliweke juu kabisa, msilifiche mstari wa mwisho.

Msomaji wenu