Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuhifadhi vitu vya meli za zamani,

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika. Mko 13, nimewahesabu mara mbili.

Ya kawaida sitayarefusha, mnayajua. Kamati ilikutana mara 4, vibao vya milango ya vyumba vya meli vilisuguliwa kutu mwezi wa sita, wanafunzi walitutembelea, na menyu 3 za meli za Union-Castle, kampuni ya Uingereza, tulizopewa na familia moja ya Makadara zimo kabatini. Mwenzetu mmoja ametutoka, Mungu amrehemu.

Sasa niingie kwenye ule ubao wa picha wa meli nilioununua, maana najua ndio uliowaleta. Usingekuwepo, leo tungekuwa 7.

Maneno yamenifikia. Kwamba mwenyekiti amegawana kitu na dalali. Kwamba kanunua mlango wa kabati la jikoni kwa bei ya dhahabu. Basi nisikilizeni.

Kenya Castle, meli ya hao Union-Castle, wazee wetu wanaikumbuka. Iliundwa Belfast, ikaanza safari mwaka 1952, ikawa inazunguka Afrika na kutia nanga hapa kwetu Kilindini. Mwaka 1967 kampuni ya Chandris ya Ugiriki ikainunua na kuiita Amerikanis, na ikaishia kuwa meli ya watalii. Ilivunjwa Alang, Gujarat, huko India, mwaka 2001. Huko meli huendeshwa maji yakijaa hadi ipande ufukweni, kisha hukatwa. Vya ndani, kuanzia magodoro hadi picha za ukutani, huuzwa madukani kando ya barabara. Mwezi wa tatu muuzaji mmoja wa huko akatuletea habari: ana ubao wa picha wa Amerikanis, duka analifunga, tuna siku 2.

Siku 2! Katiba yetu yataka watu 22 ndipo tuidhinishe matumizi yanayozidi shilingi 50,000. Mkutano wa mwezi wa pili mlikuja 11. Nipige siwa? Nilishauriana na katibu na mweka hazina, nikalipa. Ubao 92,000, usafiri, ushuru na wakala wa forodha 41,000. Jumla 133,000 kati ya 186,000 tulizokuwa nazo. Stakabadhi ziko mezani. Teksi za kwenda bandarini, safari 5, nimelipa mfukoni mwangu na sidai.

Ndiyo, hauna hati ya kuthibitisha ulitoka Amerikanis. Lakini uzungukeni muutazame nyuma. Kuna herufi za Kigiriki zilizopigwa kwa wino, namba 214, na skrubu za shaba zilizolika vichwa. Ukingo wa chini una mstari wa rangi ya maziwa: fundi alipaka ukuta bila kuubandua ubao. Mbele ni mwanamke kabeba mtungi, bega la kushoto limebambuka. Kuna mwenzetu anayeutilia shaka, anasema meli za Wagiriki zilizofia Alang ni nyingi, huenda umetoka nyingine. Ni kweli, sibishani naye. Nasema tu kwamba ada yake ya mwisho aliilipa mwaka 2021.

Na wanaolalamika kwamba haujatundikwa: meli za enzi zile zilijaa asbestosi, vumbi lake sumu kwa mapafu, kwenye kuta zake. Hadi upimwe, utakaa ndani ya hiyo nailoni, na sitaki kuona mtu na drili.

Wengine wasema tunakusanya vyuma chakavu. Normandie, meli ya fahari ya Wafaransa, iliungua New York mwaka 1942, lakini vioo vilivyochorwa na Jean Dupas vilikuwa vimeshatolewa, na vingine leo viko Metropolitan Museum, makumbusho ya huko New York. Waliovitoa hawakusubiri akidi.

Ada. Tumeandikishwa 64, waliolipa mwaka huu ni 23, kwa shilingi 1,200 ambazo ni chini ya kilo mbili za nyama. Malimbikizo yote yamefika 97,000. Yaani madeni yenu yangeununua ubao huu na chenji ikabaki, nami nisingesimama hapa kujitetea kama mshtakiwa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata chumba chetu wenyewe. Pengine tutapata pia mtu wa kututazamia mambo Aliağa, Uturuki, ambako meli ya watalii Carnival Fantasy na nyingine zilipelekwa kuvunjwa korona ilipozisimamisha mwaka 2020. Tutaona.

Maswali nitayapokea baada ya chai. Mahamri yapo, ila mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti, na nimemwambia asimpishe mtu.