Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ufadhili wa Uzamili na Uzamivu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na orodha ya wanachama wapya imo kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitasema jambo moja lililonisumbua mwaka mzima: mwanafunzi kupata ufadhili na bado akakwama.

Nilipochukua uenyekiti nilidhani watakaobisha hodi ni waliokosa. Walikuja, ndiyo, lakini nyuma yao wakaja waliopata. Barua ya kukubaliwa iko mkononi, mfukoni hamna kitu. Ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu, tafsiri ya vyeti, amana ya chumba: vyote hudaiwa kabla posho ya kwanza haijaingia benki. Wapo wafadhili wanaogharamia nauli na viza, Chevening ya Uingereza ikiwa mmojawapo. Wapo wanaosema lipa kwanza, kisha leta risiti. Asiye na cha kulipa, risiti ataitoa wapi?

Mkwamo wa pili huja mwishoni, kimyakimya. Ufadhili wa NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, kwa wanafunzi watafiti wa Marekani hutoa posho ya miaka 3 ndani ya kipindi cha miaka 5, na uzamivu kule mara nyingi huvuka miaka 5. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti, kwa kawaida humlipa mtafiti kwa miezi 36. Sasa mtambo wa maabara ukiharibika, au msimamizi akihama, posho hukatika sura ya nne haijaandikwa. Mnaoanza nawaomba: swali la mwaka wa nne liulizeni kabla ya kutia saini, na jibu lije kwa maandishi.

Masharti nayo yasomeni hadi nukta ya mwisho. Hao wa Marie Curie hawamchukui aliyeishi katika nchi atakayofanyia kazi zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Mwenzetu mmoja aliligundua hilo akiwa ameshamaliza andiko, na lilikuwa andiko zuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu. Chevening nayo inataka urudi kwenu kwa angalau miaka 2.

Semina ya kuandika maombi tuliifanya, ila madirisha mengi ya kuomba ufadhili yalikuwa yameshafungwa. Kosa ni langu. Nilikuwa nasubiri ukumbi wa bure. Kilichotusaidia ni wazo la katibu: waliokwisha kupata wasome rasimu za wanaoomba, na wawahimize kuwakumbusha walimu wao barua za mapendekezo mwezi mzima kabla.

Kamati inawaletea pendekezo la mfuko wa mikopo isiyo na riba, kwa gharama za kabla ya posho tu, urejeshaji uanze baada ya posho ya pili. Kuhusu dhamana, mhazini nami hatujaafikiana: yeye anataka wadhamini wawili, mimi naona barua ya mfadhili inatosha. Mtatuamulia leo, kabla ya uchaguzi wa kamati.