Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Unyevu, Joto na Jani la Siga

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tupunguze vikao vya kuonja na tuongeze vya kujifunza, tulifuate jani la tumbaku ya siga, yaani sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu, tangu kitaluni hadi kwenye kasha. Tumefanya hivyo. Mapato na matumizi yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo hapa nitaeleza tulichojifunza, hali ya kabati la pamoja tunamohifadhi siga, na mapendekezo matatu yanayosubiri kura zenu.

Nianze na jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Siga nyingi zilizoletwa mbele ya kamati kwa madai kwamba kiwanda kimeharibu hazikuwa na kosa la kiwanda. Zilikuwa zimelowa. Tulizilaza siku nne au tano kwenye kisanduku kitupu cha mbao kisicho na kitia unyevu, na nyingi zikaanza kupitisha moshi, uchungu ukapungua. Unyevu na joto ndivyo vinavyolikausha jani vizuri, ndivyo vinavyolivundika, na ni hivyo hivyo vinavyoliharibu nyumbani kwa mnunuzi.

Shambani

Mbegu ya tumbaku ni kama vumbi. Gramu moja hubeba mbegu zipatazo 10,000 au zaidi. Ndiyo maana huoteshwa kwanza kitaluni kwa siku kama 45, kisha miche huhamishiwa shambani ikiwa na urefu wa sentimita 15 hivi. Kikonyo cha ua kikichomoza hukatwa ili chakula cha mmea kiende kwenye majani. Mmea nao haukubali kushindwa: huchipua kwenye makwapa ya majani, na machipukizi hayo lazima yang'olewe tena na tena. Shamba lililozembewa hapo hutoa majani membamba, makavu, yasiyo na mafuta.

Jani la siga ya daraja la juu huchumwa kwa mkono kuanzia chini, majani mawili matatu kwa mkupuo mmoja, kisha mmea hupumzishwa siku kadhaa kabla ya kurudiwa. (Wachumaji wa majani yenye umande huvaa mikono mirefu kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi, na anayelowana hupata kizunguzungu na kutapika.) Mahali jani lilipoota ndipo kazi yake katika siga inapoamuliwa. Wakuba huyaita ya chini volado, nayo husaidia siga kushika moto. Ya katikati ni seko, yenye harufu nzuri. Ya juu, yaliyopigwa jua kwa muda mrefu kuliko yote, ni lihero: mazito, yenye mafuta na nguvu, yanayoungua polepole. Kwa kuwa huungua polepole, msokotaji huyaweka katikati kabisa ya siga. Yakikaa pembeni, upande huo hubaki nyuma na siga huungua mshazari mwanzo hadi mwisho, hata ukiisahihisha mara tano kwa kiberiti. Hilo ni kosa la kiwanda kweli, na ndilo la kulalamikia.

Jani la juu la siga yenyewe, yaani vazi lake linaloonekana kwa macho (si lile la juu ya mmea), hulimwa kivyake. Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río nchini Kuba, mimea yake hufunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopunguza jua, jani likatoka pana, jembamba na laini. Bonde la mto Connecticut, Marekani, lilianza kulima chini ya vitambaa mwaka 1900. Ekwado wana mawingu yanayofanya kazi hiyo bure. Kwa upande mwingine, jani la San Andrés la Meksiko na lile pana la Connecticut lisilofunikwa hupigwa jua moja kwa moja, yakawa mazito. Hayo ndiyo yanayostahimili kuvundikwa kwa muda mrefu hadi kuwa maduro, karibu meusi.

Kuhusu maduro, nawaomba tuache kurithishana uongo. Rangi nyeusi haimaanishi ukali. Weusi hutokana na jani nene lililovundikwa kwa joto zaidi na muda zaidi, na mara nyingi huleta utamu. Ukali hutoka kwenye ujazo wa ndani, hasa kiasi cha lihero. Katika onjo la kufumba macho tulilofanya, siga yenye jani la rangi hafifu ndiyo iliyowaketisha watu chini.

Bani

Kwa kawaida tumbaku ya siga haikaushwi kwa mvuke wala kwa moshi wa kuni. Hukaushwa kwa hewa tupu, ndani ya bani (banda la kukaushia), kwa siku 45 hadi 60 kutegemea hali ya hewa na unene wa jani. Majani hushonwa kwa uzi, yakaning'inizwa kwenye fito, na fito hupandishwa ngazi kwa ngazi kuelekea paa kadiri yanavyokauka. Rangi huenda kutoka kijani hadi njano, kisha kahawia.

Kazi nzima ya bwana bani ni kufungua na kufunga milango. Akiruhusu hewa kavu ipite kwa kasi, jani hukauka kabla ya ukijani kuvunjika, na ladha ya nyasi mbichi haitaondoka tena kirahisi. Akifunga sana wakati wa mvua, uti wa kati wa jani huoza kabla ya ubapa wake kukauka. Wapo wanaokausha haraka kwa joto kwa makusudi ili jani libaki kijani. Huitwa kandela, na lina wapenzi wake, ingawa mimi si mmojawapo.

Wanachama wameuliza kwa nini siga za Kuba zimekuwa adimu. Sababu ni zaidi ya moja, ila msisahau kimbunga Ian cha Septemba 2022 kilichoangusha mabani mengi sana ya Pinar del Río. Shamba lisilo na bani halina tumbaku, hata miche ikistawi vipi. Kabla ya hapo, msimu wa 1979 hadi 1980, ugonjwa wa ukungu wa buluu ulifyeka sehemu kubwa ya zao la nchi hiyo, na janga hilo liliwasukuma watafiti kutafuta aina zinazoustahimili.

Lundo

Hapa ndipo tulipotumia vikao vingi kuliko popote, na kwa haki. Majani yaliyokauka hunyunyiziwa maji kidogo, hufungwa mafungu, kisha hupangwa kwenye lundo ambalo linaweza kufikia uzito wa tani kadhaa. Hakuna moto unaowashwa. Uzito na unyevu vinatosha kulifanya jani lenyewe lianze kutoa joto, kama samadi mbichi inavyofuka asubuhi. Kipimajoto kirefu huchomekwa hadi moyoni mwa lundo na kusomwa kila siku. Mabwana lundo wengi hulibomoa joto linapokaribia nyuzi 45 hadi 50, wakalipanga upya: ya ndani yakaenda nje, ya juu yakaenda chini. Majani ya maduro huachwa yapande zaidi. Zoezi hurudiwa mara kadhaa, hadi lundo linapoacha kupanda joto kwa nguvu.

Kinachotoka humo ni amonia, ile harufu inayochoma pua. Lundo lililobomolewa mapema mno hubakiza amonia ndani ya jani, na mvutaji huipata kama mchomo nyuma ya koo. Lililocheleweshwa huungua: jani hubaki na rangi nzuri, lakini husagika vidoleni na ladha yake imekwenda. Hilo la pili halina dawa, wakati la kwanza linaweza kuponywa na muda.

Baada ya lundo, jani hufungwa kwenye marobota na kuachwa lizeeke ghalani. Nchini Kuba baadhi ya marobota hufungwa kwa ala za majani ya palma real, mti wa jamii ya minazi. Lihero hukaa miaka 2 au zaidi. Volado huwa tayari mapema zaidi. Hivyo tarehe iliyopigwa muhuri chini ya kasha si umri wa jani. Ni mwezi na mwaka wa kufungasha tu, na kwa makasha ya Kuba mwezi huandikwa kwa herufi tatu za Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba.

Ili jani lisivunjike mezani pa msokotaji hulainishwa tena kwa maji, na amonia huamka kidogo. Ndiyo maana siga iliyosokotwa karibuni huwa na miezi ya "ugonjwa", ikanuka na kuchoma. Viwanda vyenye subira huzipumzisha kwenye vyumba vya mwerezi. Ukinunua kasha lenye muhuri wa miezi mitatu iliyopita, usilihukumu bado.

Kabati la pamoja

Tulikuwa tumeliweka kwenye unyevu wa asilimia 72, kwa desturi iliyorithiwa. Kamati imelishusha hadi 66, joto likiwa nyuzi 18 hadi 20, na malalamiko ya siga kuziba au kuzimika yamepungua sana. Kiwango kinachokubalika kwa wengi ni asilimia 65 hadi 70. Juu ya hapo jani huvimba, njia ya moshi hubana, na jani la juu hupasuka siga ikipata moto kwa sababu ujazo hutanuka kuliko vazi lake. Chini ya asilimia 60 mafuta ya harufu hupotea, wala hayarudi hata ukirudisha maji.

Vipima unyevu vingi vya mshale husoma uongo. Kipimeni hivi: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga mbichi wa pwani, isiyeyuke. Kifuniko na kipima viingie pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa, vikae usiku kucha pasipo kuhamishwa. Kipima kizima kitasoma 75. Kikisoma 70, kila usomaji wako uongeze 5. Maji yakielea juu ya chumvi, jaribio limeharibika na usomaji utakuwa juu kuliko inavyopaswa.

Kifaa chetu cha kupoza kilipokufa katika majuma ya joto, tulipata fukusi wa tumbaku. Mayai yake huja na jani tangu shambani au kiwandani, na joto likikaa juu ya nyuzi 24 hivi huanguliwa. Dalili ni tundu la mviringo, safi kama lililotobolewa kwa sindano nene, na unga mwembamba chini yake. Siga zilizotobolewa tulizitupa. Zilizobaki zilifungwa kwenye mifuko miwili miwili, zikakaa siku 1 kwenye jokofu la kawaida, siku 3 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha siku 1 tena kwenye jokofu. Atakayeruka hatua hizo za jokofu ajiandae kuona majani ya juu yamepasuka. Mfuko nao usifunguliwe hadi siga zifikie joto la chumba, la sivyo umande utazilowesha.

Unga mweupe juu ya siga wengine huuita uzee mwema. Kamati haikubaliani nao. Kwa kawaida ni kuvu: kukiwa juu tu, futa kwa kitambaa kikavu na ushushe unyevu, kukiingia kwenye mguu wa siga (ncha inayowashwa), tupa.

Na neno la afya, kwa kuwa ni wajibu wangu. Kutovuta moshi hadi mapafuni hakumwondolei mtu hatari. Moshi wa siga una ualkali, hivyo nikotini huingia kupitia utando wa mdomo, na saratani za mdomo, koo na umio zinahusishwa na uvutaji huu. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara za kawaida. Karatasi yenye maelezo hayo itaendelea kuwekwa mezani katika kila kikao.

Mapendekezo kwa kura

La kwanza, asilimia 66 iwe kiwango cha kudumu cha kabati. La pili, kila kasha jipya lipite friza kabla ya kuingia kabatini, bila kujali linatoka kwa nani, mwenyekiti akiwemo. La tatu, mwakani tununue majani yaliyotenganishwa ya volado, seko na lihero, tusokote siga ndogo za jani moja moja, ili kila mwanachama alijue jani kwa ulimi wake.

Kwenye mkutano njooni na vipima unyevu vyenu. Chumvi na mifuko vitakuwepo. Andika jina lako kwenye kifaa, utakichukua kesho yake asubuhi pamoja na namba ya kuongeza au kupunguza.

Mwenyekiti