Askari waliojeruhiwa wafundishwe kuvua kwa chambo cha manyoya

Ndugu Mhariri,

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu kwa mkuki na ngao, sime na mashada ya maua, na hiyo ni haki yao. Wapo hata hivyo askari waliorudi wakiwa hai lakini na majeraha, wengine tangu Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wengine kutoka ulinzi wa amani nchini Kongo, ambako shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017 liliua walinda amani wetu wasiopungua 14 na kujeruhi wengine wengi. Hao tunawatibu, tunawapa kiungo bandia pale kinapohitajika, kisha tunawaacha na siku ndefu za kukaa nyumbani. Naomba nafasi katika gazeti lako nipendekeze jambo ambalo kwa wasomaji wengi litakuwa geni: askari hawa, hapa Moshi na Arusha, wafundishwe kuvua kwa fimbo nyepesi na chambo kilichotengenezwa kwa manyoya ya ndege.

Wazo lenyewe si langu. Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, ofisa mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Ed Nicholson, ambaye naye alikuwa akitibiwa hapo, aliwaona vijana waliokatwa miguu na mikono katika vita vya Iraq na Afghanistan, akaanza kuwachukua kwenda kuvua. Kutokana na hilo kikazaliwa chama cha Project Healing Waters Fly Fishing, ambacho sasa kina vikundi katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Kazi kubwa hufanywa na watu wa kujitolea, na askari hatozwi chochote.

Wasomaji watauliza kwa nini uvuvi huu na si ule wa ndoano na chubwi la risasi tunaoujua. Katika uvuvi wetu wa kawaida uzito ulio mwishoni ndio unaovuta mshipi kwenda majini, kwa hiyo mwenye nguvu hutupa mbali. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kuhesabika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Mvuvi huinua fimbo, huisimamisha ghafla usawa wa bega, kisha hungoja mshipi ukunjuke wote angani nyuma yake kabla hajausukuma mbele. Asipongoja, mshipi hulia kama mjeledi wa mchunga ng'ombe na chambo hukatika. Nguvu za mkono hazimsaidii hapo. Kinachomsaidia ni kujua wakati, na hilo mtu anaweza kulijua akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu au akiwa na mkono mmoja tu, kwa sababu upo mkanda wa kifuani wenye mfuko wa kushikilia fimbo wakati mkono uliobaki unavuta mshipi.

Nimefanya kazi ya viungo bandia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mtu mzima ahamishe uzito wake kutoka mguu mzima kwenda mguu bandia na kurudi tena, asubuhi nzima, katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, huku kigutu kikimuuma na ukuta mweupe ukimtazama. Anayerusha mshipi hufanya mwendo uleule bila kuambiwa. Mawazo yake yako kwenye mshipi, wala hakumbuki kuhesabu hatua.

Kusuka chambo kuna faida yake pia, na pengine ndiko ningeanzia. Ndoano ndogo hubanwa kwenye jiliwa la mezani, uzi wa fundi cherehani huzungushwa juu yake, kisha unyoya wa shingo ya jogoo huviringishwa taratibu hadi nywele zake zisimame pande zote kama miguu ya mdudu, na mwisho hufungwa fundo ambalo macho ya kawaida huliona kwa shida. Mtu aliyeumia neva za vidole, au anayejifunza kutumia mkono bandia wenye kulabu, anapata hapo zoezi ambalo lina kitu cha kuonyesha likimalizika. Jogoo hatujamkosa Kilimanjaro.

Kuhusu majeraha ya moyoni, yaani kiwewe, ndoto mbaya na hasira isiyo na sababu, nisingependa mtu yeyote aelewe kwamba fimbo inachukua nafasi ya daktari au dawa. Ninachosema ni kwamba askari huzungumza na askari mwenzake mambo ambayo hatayaambia familia yake, wala mimi, na huyazungumza kwa urahisi zaidi wakiwa wameelekeza macho kwenye maji kuliko wakitazamana mezani. Kwa sababu hiyo walimu wa uvuvi huu, mara tu wanapopatikana, wawe wenyewe askari wastaafu au waliojeruhiwa.

Maji tunayo. Ziwa Duluti liko jirani na Tengeru, dakika chache kutoka barabara kuu ya Moshi na Arusha, nalo lina perege, ambao hukamata chambo kidogo kinachozama polepole. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni kubwa zaidi. Katika mito ya baridi ya Kilimanjaro walipandikizwa trauti enzi za ukoloni, na trauti ndiye samaki ambaye uvuvi huu unahusishwa naye zaidi duniani, ila kingo za mito hiyo ni mwinuko na utelezi, kwa hiyo mtu wa mguu bandia asipelekwe huko mwanzoni. Wala asiingizwe majini kule bwawani, kwa sababu ya kichocho; avulie nchi kavu, penye gati la mbao linalopitisha kiti cha magurudumu, ambalo lazima lijengwe kwanza. Leseni nayo ikatwe kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Najua pia kuna watakaocheka wakisikia kwamba wavuvi wa namna hii mara nyingi humrudisha samaki majini. Kwa trauti, ambao ni wachache, naona ni sawa. Kwa perege wa Duluti sioni sababu ya kuiga kila kitu: askari akipata samaki wake kihalali, aende naye nyumbani wakaangiwe watoto.

Hapa Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Monduli kuna chuo cha maofisa wa jeshi. Sijui sehemu nyingine nchini ambako mafundi wa viungo, wanajeshi na maji ya kuvua vimekaribiana hivi. Ninaliomba Jeshi la Wananchi, kwa kushirikiana na chuo hicho, lichague kikundi kidogo cha kujaribu. Fimbo zinazohitajika ni chache na zinaweza kutumiwa kwa zamu. Kurusha hufundishwa kwanza kwenye nyasi, ndoano ikiwa imeondolewa na kipande cha sufu kufungwa mahali pake, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri gati. Uwanja wa mpira unatosha, na mimi, pamoja na wastaafu wenzangu wawili niliokwisha kuzungumza nao, tuko tayari kuja kurekebisha viungo vya washiriki bila malipo masika yakiisha.

Mtaalamu mstaafu wa viungo bandia,
Moshi